MUZIKI: Mhakiki wa rekodi za klasiki husikiliza nini hasa?

MTU asiyeuzoea muziki wa klasiki wa Ulaya akiingia katika duka la santuri, au siku hizi akifungua programu ya muziki katika simu yake, hushangazwa na jambo moja. Utunzi mmoja wa Johann Sebastian Bach, aliyefariki mwaka 1750, umerekodiwa na wasanii chungu nzima, na kila mwaka wengine huongezeka. Nota ni zile zile na mtunzi ni yule yule. Ya nini basi kurekodi upya kitu ambacho tayari kipo? Na yule mhakiki anayelipwa kutueleza kuwa rekodi hii ni bora kuliko ile, anasikia nini ambacho wewe nami hatukisikii?

Swali hilo si geni kwetu kama linavyoonekana. Anayefahamu ushairi wa Waswahili anajua kuwa utenzi mmoja ukighanwa na watu wawili huwa kama tenzi mbili. Beti hazijabadilika na mizani imetimia, lakini mmoja huvuta silabi ya mwisho hadi msikilizaji akasahau kupumua, ilhali mwenzake hupita mbio kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Hali kadhalika, yeyote aliyewahi kuketi ukumbini wakati wa Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1927, amezisikia kwaya za shule zikipanda jukwaani moja baada ya nyingine kuimba wimbo mmoja wa lazima, huku mwamuzi akiandika. Kufikia kwaya ya sita hadhira imeuchoka wimbo huo. Mwamuzi ndipo kwanza sikio lake linachangamka, kwani sasa ana vitu vya kulinganisha.

Kazi ya mhakiki wa rekodi ndiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wasanii anaowalinganisha huenda wametenganishwa na miaka 80, na baadhi yao walizikwa zamani. Jarida la Gramophone, lililoanzishwa Uingereza na mwandishi Compton Mackenzie mwaka 1923, limeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya karne moja. Kila toleo huwa na rekodi mpya, na pembeni yake huwa na rekodi za kale zilizosafishwa na kutolewa upya. Makundi hayo mawili hayapimwi kwa mizani moja, na hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo.

Dakika si kipimo

Tuanze na rekodi ambazo hazina matatizo ya uzee. Mnamo Juni 1955 kijana wa Kanada aliyeitwa Glenn Gould, mwenye umri wa miaka 22, aliingia katika studio ya kampuni ya Columbia jijini New York na kurekodi kwa piano Goldberg Variations za Bach. Utunzi huo, uliochapishwa mwaka 1741, una wimbo mfupi wa kufungulia uitwao aria, ukifuatwa na sehemu 30 zinazougeuzageuza msingi wa aria hiyo, kisha aria yenyewe hurejea mwishoni. Santuri ilipotoka mwaka 1956 ilimfanya Gould kuwa mtu mashuhuri. Mwaka 1981 alirudi katika studio ile ile akarekodi utunzi ule ule. Santuri hii ya pili ilitoka Septemba 1982, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo, Gould akafariki akiwa na umri wa miaka 50.

Rekodi ya kwanza huchukua takriban dakika 38. Ya pili huchukua takriban dakika 51. Mhakiki mwenye haraka ataandika kuwa Gould alikomaa kiumri akapunguza mwendo, na msomaji ataridhika. Mhakiki makini atauliza kwanza swali la kihasibu: je, alicheza nota zile zile kwa idadi ile ile? Ukweli ni kwamba Bach aliagiza sehemu zirudiwe, na mwaka 1955 Gould hakurudia hata moja, ilhali mwaka 1981 alirudia baadhi. Kwa hivyo dakika 13 za ziada hazitokani na mwendo peke yake. Kipimo cha haki ni mahali ambapo hakurudia chochote katika rekodi zote mbili, na mahali hapo ni ile aria ya kufungulia. Mwaka 1955 aliimaliza kwa chini ya dakika mbili. Mwaka 1981 alitumia zaidi ya dakika tatu.

Sasa tuna jambo la kusemea. Mtu yule yule, kwa nota zile zile, amerefusha wimbo kwa zaidi ya nusu ya muda wake wa awali. Mhakiki hana budi kueleza alichokifanya Gould kwa muda huo alioukopa. Katika rekodi ya mwanzo kila sauti inaruka kama mpira wa watoto. Katika ya baadaye nota zinawekwa moja moja, na mkono wa kushoto unasikika ukizungumza hoja zake mwenyewe. Aidha, Gould alieleza kuwa safari hii alitaka mapigo ya sehemu zote yahusiane kwa hesabu, ili aria na sehemu zake 30 ziwe mwili mmoja. Msikilizaji anaweza kuikagua kauli hiyo kwa kidole tu akigonga meza wakati sehemu moja inapoishia na nyingine kuanza.

Binafsi huipenda zaidi ya 1955, hata ingawa nawaelewa wanaoiona kuwa ya mtu anayejionyesha. Kuhusu ile tabia ya Gould ya kuimba chinichini huku akicheza, ambayo inasikika katika rekodi zote mbili, wahakiki wameandika kurasa nyingi zisizo na faida.

Sahani za utomvu na vumbi la mawe

Rekodi za kale ni habari nyingine. Kabla ya mwaka 1925 hapakuwa na maikrofoni katika studio. Wanamuziki walisongamana mbele ya pembe kubwa ya bati, sauti ikaingia humo na kutikisa sindano iliyochora mfereji katika sahani ya nta. Ala za sauti nzito hazikusikika vizuri, na mara nyingi fidla kubwa za besi ziliondolewa na mahali pake pakawekwa tarumbeta kubwa. Mhakiki anayesikiliza okestra ya mwaka 1915 na kulalamika kuwa besi ina mlio wa ajabu anapaswa kujua kuwa huenda alichokisikia si ala iliyoandikwa na mtunzi.

Umeme ulipoingia mwaka 1925 sauti ilifunguka, lakini kikwazo kingine kilibaki kwa zaidi ya miaka 20. Upande mmoja wa sahani kubwa inayozunguka mara 78 kwa dakika ulichukua dakika nne na ushei tu. Sehemu ya muziki iliyozidi hapo ilikatwa vipande, na msikilizaji aliinuka kugeuza sahani katikati ya kilio. Wapo wasanii walioharakisha ili wawahi kumaliza kabla nta haijaisha. Mhakiki wa leo akikuta mwendo wa kasi usioeleweka katika rekodi ya mwaka 1930, swali lake la kwanza ni je, msanii alitaka hivyo au sahani ndiyo iliyotaka?

Kuna pia suala la kasi yenyewe. Sahani huitwa za mizunguko 78, ila mitambo ya zamani haikuwa na nidhamu hiyo. Nyingine zilirekodiwa kwa mizunguko michache zaidi, nyingine kwa zaidi. Chukua sahani iliyorekodiwa kwa mizunguko 76, uicheze kwa 78. Wimbo wa dakika nne utaisha takriban sekunde sita mapema, na sauti zote zitapanda kwa karibu robo ya toni. Mwimbaji mwenye sauti nzito atakuwa amepunguziwa uzito na mtu asiyemjua, miaka mingi baada ya kufa. Fundi anayehamisha sauti kutoka sahani za kale hulazimika kutafuta kimo sahihi, na mhakiki hulazimika kumkagua fundi huyo. Hivyo basi tahakiki ya rekodi ya kale huwahukumu watu wawili, yaani msanii na msafishaji.

Kusafisha nako kuna mitego. Sahani hizo zilitengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa Asia uliochanganywa na vumbi la mawe, na ndiyo maana huvunjika kama vigae na hutoa mchakacho usiokoma. Kompyuta za leo zinaweza kuuondoa mchakacho wote. Tatizo ni kwamba ncha za juu za mlio wa fidla hukaa mahali pale pale unapokaa mchakacho. Anayepeta mchele anajua kuwa ukipeta kwa pupa unamwaga na punje. Rekodi nyingi zilizotolewa upya katika miaka ya mwanzo ya diski za CD zilikuwa kimya kabisa, na wanamuziki wake walisikika kana kwamba wamefunikwa blanketi. Ndiyo maana wahakiki wazoefu humshukuru fundi aliyeacha mchakacho kiasi, jambo ambalo mgeni hulisoma akadhani ni mzaha.

Mfano ninaoupenda ni ule wa Pablo Casals, mpigaji selo wa Katalonia aliyezaliwa mwaka 1876. Selo ni ndugu mkubwa wa fidla, huchezwa mtu akiwa ameketi na ala imeegemea magotini. Akiwa na umri wa miaka 13, Casals alikuta katika duka moja la Barcelona nakala kuukuu ya tungo sita ambazo Bach aliziandika kwa selo peke yake, pasipo ala nyingine ya kuisindikiza. Wakati huo wengi waliziona kuwa mazoezi ya wanafunzi. Alizifanyia mazoezi kwa miaka 12 kabla ya kuthubutu kucheza mmoja wao mzima mbele ya hadhira, na alikuwa na umri wa miaka 59 alipokubali kuanza kuzirekodi.

Tarehe za rekodi hizo zina uzito wake. Mnamo Julai 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka nchini Uhispania. Novemba mwaka huo Casals alirekodi utunzi wa pili na wa tatu jijini London, katika studio za Abbey Road. Wa kwanza na wa sita aliurekodi Paris mnamo Juni 1938. Wa nne na wa tano aliurekodi Paris pia, mnamo Juni 1939, miezi michache tu baada ya majeshi ya Franco kushinda vita na yeye kuwa mkimbizi katika mji mdogo wa Prades upande wa Ufaransa. Alifariki Puerto Rico mwaka 1973 bila kurudi kuishi kwao.

Ukizisikiliza rekodi hizo leo utakuta makosa. Kuna nota zilizokwaruza na nyingine zilizokosa kimo. Sahani ya nta haikuruhusu kukata na kuunganisha. Ukikosea, ama ulirudia upande mzima au uliliacha kosa liishi. Rekodi mpya, kinyume chake, mara nyingi huunganishwa kutokana na majaribio kadhaa ya kila kifungu, hadi kusiwe na doa. Mhakiki akihesabu makosa, kijana yeyote aliyehitimu juzi atamshinda Casals. Lakini msikilize Casals katika Sarabande ya utunzi wa tano, ambapo Bach ameandika mstari mmoja mwembamba wa sauti, hakuna hata mahali ambapo nota mbili zinapigwa pamoja. Kila nota inaonekana kutafuta inayofuata gizani. Sijui rekodi mpya inayonifanya nisahau hiyo, ingawa zipo zinazonionyesha ngoma ya Bach vizuri zaidi, maana tungo hizi zilijengwa juu ya midundo ya dansi na Casals mara nyingine huusahau mguu wa mchezaji.

Na hapa pana swali ambalo mhakiki mwaminifu hawezi kulikwepa. Je, ninachokisikia katika Sarabande ile kimo ndani ya sauti, au nimekiweka mimi kwa sababu nafahamu kuwa mpigaji alikuwa amepoteza nchi yake?

Jina kwanza, sauti baadaye

Swali hilo liliwahi kuzua fedheha kubwa. Joyce Hatto alikuwa mpiga piano Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1928. Aliacha kucheza hadharani mwaka 1976. Baadaye, akiwa ameshazeeka na ikisemekana anaugua saratani, zilianza kutoka diski zenye jina lake, zikitolewa na kampuni ndogo ya mumewe, William Barrington-Coupe. Zilizidi 100. Zilikuwa na karibu kila kitu kigumu kilichopata kuandikwa kwa piano: Liszt, Chopin, Rachmaninov, Beethoven. Wahakiki walistaajabu. Mwaka 2005 gazeti moja la Boston, Marekani, lilimtaja kuwa miongoni mwa wapiga piano wakuu kabisa walio hai, ambaye karibu hakuna aliyewahi kumsikia. Bibi mgonjwa, aliyesahauliwa na dunia, anayerekodi chumbani kazi ambazo vijana wenye nguvu huziogopa. Ni nani asingetaka habari hiyo iwe kweli? Hatto alifariki Juni 2006 na akaandikiwa tanzia za heshima.

Mnamo Februari 2007 msikilizaji mmoja wa Marekani alitia katika kompyuta yake diski ya Hatto yenye tungo za Liszt. Programu ya iTunes iliitambua mara moja, lakini ikaandika jina la mpigaji mwingine, László Simon, aliyeirekodi kwa kampuni ya BIS ya Uswidi. Ifahamike kuwa kompyuta hiyo haikusikiliza muziki. Hifadhidata iliyotumiwa ilizitambua diski kwa idadi ya nyimbo na urefu wa kila mmoja, na nadra sana diski mbili tofauti kulingana katika zote. Msikilizaji alimwarifu mhakiki mmoja, mhakiki akawaarifu Gramophone, na jarida likampelekea fundi wa sauti Andrew Rose diski hizo. Alipoziweka picha za mawimbi ya sauti pamoja, ziliingiana. Diski nyingine za Hatto nazo zikakutwa ni kazi za watu wengine. Baadhi zilikuwa zimeongezwa au kupunguzwa mwendo kwa mtambo ili zisitambulike.

Kwa upande wao, watafiti katika Chuo cha Royal Holloway cha Chuo Kikuu cha London walikuwa wakipima mapigo katika rekodi nyingi za mazurka za Chopin, pasipo kumfikiria Hatto. Hesabu zao zilionyesha kuwa rekodi yake na ile ya Eugen Indjic hazikutofautiana. Hilo haliwezekani, kwa sababu hata mtu mmoja akicheza mazurka moja mara mbili mchana ule ule, mapigo hayatalingana. Kiongozi wa okestra aliyetajwa katika baadhi ya diski, René Köhler, naye hakuonekana kuwa mtu aliyewahi kuishi. Barrington-Coupe alikiri baadaye mwezi huo huo, katika barua aliyomwandikia mkuu wa BIS. Alidai kuwa alianza kwa kuziba sehemu chache ambapo mkewe aliguna kwa maumivu, kisha vipande vikazidi kuwa virefu, na kwamba mkewe hakujua.

Wapo waliocheka wakisema kuwa wahakiki wote ni matapeli. Kicheko hicho hakikuwa cha haki. Muziki ulikuwa mzuri kweli, maana ulichezwa na watu hodari, na kusifu kitu kizuri si kosa. Linalouma ni jambo jingine. Yefim Bronfman alikuwa amerekodi koncheto ya tatu ya Rachmaninov, na mhakiki mmoja akaipokea kwa ubaridi. Miaka kadhaa baadaye rekodi hiyo hiyo ilimfikia ikiwa na jina la Hatto, na safari hii akaimwagia sifa. Sauti haikubadilika. Sisi tunaofanya kazi ya kuhariri magazetini tunaufahamu ugonjwa huu kwa karibu. Makala hufika mezani, na kabla ya kusoma mstari wa kwanza jicho limeshakimbilia jina la mwandishi.

Ikumbukwe pia kuwa si kila jina lisilo sahihi huwekwa kwa hila. Dinu Lipatti, mpiga piano wa Romania, alifariki Desemba 1950 akiwa na miaka 33 tu, akaacha rekodi chache zinazothaminiwa kama dhahabu. Katika miaka ya 1960 kampuni ya EMI ilitoa santuri ya koncheto ya kwanza ya Chopin ikidhaniwa kuwa yake. Iliuzwa na kusifiwa kwa miaka mingi, hadi ilipochezwa katika redio ya BBC mwaka 1981 ndipo ikagunduliwa kuwa ni ya Halina Czerny-Stefańska wa Poland, ambaye alikuwa mshindi mwenza wa mashindano ya Chopin ya mwaka 1949. Rekodi halisi ya Lipatti ilipatikana baadaye. Mwanamama huyo alikuwa hai wakati wote huo, akisifiwa bila ya kutajwa.

Kinga dhidi ya mitego hii zipo, ingawa ni za kuchosha. Mhakiki hufuata muziki huku nota zilizoandikwa zikiwa mbele yake. Husoma namba zilizochongwa karibu na kitovu cha sahani ya kale, maana humsaidia kujua ni jaribio la ngapi na la kipindi gani. Na ikiwezekana husikiliza bila kujua anayecheza. Nchini Ufaransa kipindi kimoja cha redio, kilichoanza mwaka 1946, hufanya hivyo hadharani. Wahakiki huchezewa rekodi kadhaa za utunzi mmoja pasipo kuambiwa majina, wanabishana na kuondoa moja moja, na wasanii hutajwa mwishoni. Mara kwa mara jina kubwa huanguka katika raundi ya kwanza.

Sahani zisizo na karatasi

Je, mambo haya yanatuhusu sisi? Yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1928, miaka minane kabla ya Casals kuingia Abbey Road, Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari na wenzake hadi Bombay na kurekodi nyimbo za taarab kwa His Master's Voice, kampuni ile ile iliyozitoa rekodi za Casals. Sahani ni za utomvu ule ule, mizunguko ni ile ile na dakika ni zile zile chache. Nyimbo zilizozoea kuendelea usiku kucha, mwimbaji akirudia ubeti kadiri watu walivyotunza, zilibidi kubanwa katika upande mmoja. Anayezisikiliza leo na kusema kuwa taarab ya zamani ilikuwa fupi anafanya kosa lile lile la dakika za Gould.

Lakini upo upungufu ambao mhakiki wa Bach haujui. Nota za Bach ziliandikwa. Hata tungo zile sita za selo, ambazo mwandiko wa Bach mwenyewe umepotea, zipo katika nakala iliyoandikwa na mkewe, Anna Magdalena. Sahani za Casals zikivunjika zote leo, utunzi utabaki. Maneno ya nyimbo za Siti yanaweza kupatikana katika vitabu na vinywani mwa wazee, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake, ila namna alivyoyaimba, pumzi zake na jinsi fidla na udi vilivyomjibu, havikuandikwa popote. Sahani ndiyo shahidi wa pekee. Ikichezwa kwa kasi isiyo yake, hakuna karatasi ya kuisahihisha.

Ndiyo maana toleo jipya la muziki wa kale wa Waswahili linahitaji mhakiki mkali kuliko toleo la kumi la Beethoven. Mwaka 2007, mwaka ule ule wa fedheha ya Hatto, kampuni ya Topic ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa muziki wa Waswahili wa Kenya na Tanzania wa miaka ya 1920 hadi 1950, kutokana na hazina ya sauti ya Maktaba ya Uingereza. Mkusanyiko wa namna hiyo ukikufikia, maswali ya kuuliza ni yale yale. Sahani ilitoka wapi, na ilikuwa katika hali gani? Nani aliamua kasi, na kwa kipimo kipi? Wapigaji wametajwa wote, au ni mwimbaji tu? Mchakacho umeondolewa kiasi gani, na udi umebaki na ncha zake? Na maneno yamenakiliwa na mtu anayeijua lahaja, au na mgeni aliyesikia vingine?

Kwa msomaji anayetaka kujijaribu mwenyewe, sasa gharama si kikwazo kama zamani, maana rekodi zote mbili za Gould na zile za Casals hupatikana katika simu. Tahadhari ni moja: mwaka unaoonyeshwa hapo mara nyingi ni wa kutolewa upya, na Casals wa 1939 anaweza kuandikiwa 2003. Tafuta aria ya Gould ya 1955 na ya 1981, mwambie mtu wa nyumbani akuchezee bila kukuambia ipi ni ipi, kisha ujaribu kueleza kwa maneno yako, bila kutaja mwendo, zinatofautiana wapi. Halafu fanya vivyo hivyo kwa Sarabande ya utunzi wa tano, Casals na mpigaji yeyote wa siku hizi, ingawa hapo mchakacho utamfichua mzee kabla hata hajaanza kucheza.